Taa zinawaka, injini haizunguki: kulifufua Corolla la baba mdogo

Gari ni Toyota Corolla AE110 ya mwaka 1998, injini 5A-FE, gia otomatiki. Mwenyewe ni baba mdogo, yuko Mtwara kikazi, na tangu Oktoba 2024 gari limelala chini ya mwarobaini pale Raskazone, Tanga, mahali ambapo upepo wa bahari unaingia mpaka ndani ya kabati la nguo. Ameniambia nikiliwasha nilitumie hadi atakaporudi. Maneno yake kwenye simu: "Gari zima hilo, mwanangu. Si unaona taa zote zinawaka?"

Mimi ni fundi simu, kibanda changu kiko Ngamiani. Mita ya kupimia umeme naishika kutwa nzima, ila kwa vitu vya volti 4 na umeme wa kitoto. Mazoea hayo yamenitia hasara kuliko ambavyo ujinga mtupu ungenitia, kwa hiyo nayaandika yote, hata yale ya aibu. Binamu yangu wa Muheza ana gari la aina hii na ugonjwa unafanana. Shajara hii kwanza ni yake.

Jumamosi, 1 Februari 2025: tak

Nimeweka ufunguo. Taa za dashibodi zimejitokeza zote, taa kubwa zinamulika ukuta, honi imelia mpaka kuku wa jirani wametawanyika, feni ya ndani inapuliza vumbi la miezi minne. Nikapiga selfu (mota ya umeme inayozungusha injini mpaka iwake): tak! Mara moja, kavu, kutoka chini ya boneti, kisha kimya. Nikarudia: tak. Haikuwa ile tatatatata ya betri iliyokwisha, wala haikuwa kimya kabisa. Tak moja tu.

Mlio huo una maana yake, na kama ningeujua ningeokoa pesa nyingi. Ukizungusha ufunguo, umeme mdogo unapita kwenye swichi ya ufunguo, unapita kwenye swichi ya gia (ile inayozuia gari la otomatiki lisipigwe selfu likiwa D, yaani gia ya kwenda), unafika kwenye solenoidi iliyo mgongoni mwa selfu. Solenoidi ni sumaku. Inavuta chuma, chuma kinasukuma gia ndogo iume meno ya flaiwili (gurudumu la meno la injini), na hapohapo kinakandamiza kisahani cha shaba juu ya pointi mbili ili umeme mkubwa wa betri uingie kwenye mota. Tak ni sauti ya chuma hicho kuvutwa. Maana yake upande wa ufunguo, swichi, fyuzi na gia ulikuwa mzima tangu siku ya kwanza. Sikio lilisikia, kichwa hakikuelewa.

Nilichopima leo ni hiki: betri ikiwa imetulia, volti 12.1. Taa kubwa zikiwaka, 11.8. Nikipiga selfu, 11.4.

Betri nzima iliyojaa hukaa kwenye 12.6 au 12.7, kwa hiyo yangu ilikuwa chini ya nusu. Nikatoa hukumu palepale: betri imekufa. Vichwa vya betri vilikuwa na unga mweupe wenye rangi ya kijani, nikaviosha kwa magadi soda na maji ya vuguvugu, nikavipiga msasa, nikavikaza. Tak ileile.

(Nimeongeza aya hii baadaye.) Namba iliyokuwa inanipungia mkono ni ile ya tatu. Selfu ya injini ndogo ya petroli hula ampea 100 hadi 200. Betri iliyochoka ikinyang'anywa umeme wa kiasi hicho inaporomoka mpaka 10, au 9, au chini zaidi. Hii imeshuka kwa volti 0.7 tu. Selfu ilikuwa haipati hata umeme wa kutosha kuichosha betri mbovu. Betri isiyoanguka wakati wa tak inakuambia kuwa njia imezibwa mahali fulani.

Matumizi: magadi soda, shilingi 500.

Jumatatu, 3 Februari: betri mpya

Nimenunua betri kwa 145,000. Muuzaji aliniuliza kama ile ya zamani nimeipeleka ikapimwe kwa mzigo, yaani ikiwa inatoa umeme mwingi, nikamjibu kuwa mimi mwenyewe ni fundi. Jibu hilo ndilo lililonitoa 145,000.

Betri mpya imetulia kwenye 12.7. Nikapiga selfu, mita ikasoma 12.2, na gari likasema tak.

Jioni nzima nimefanya yale ambayo kila mpita njia hushauri. Nimeweka gia kwenye N (gia huru) badala ya P (ya kuegesha): tak. Nimemwomba shemeji aigongegonge selfu kwa spana ya magurudumu wakati mimi nimeshikilia ufunguo, kwa sababu kaboni za selfu zikiisha au kunasa, kugonga huzirudisha kwa muda: tak. Vijana watatu waliokuwa wanatoka kuogelea wakajitolea kusukuma. Niliwashukuru, nikawaambia hili ni otomatiki. Gari la gia za mkono ukilisukuma na kuachia klachi, magurudumu yanaizungusha injini. La otomatiki halina muungano huo wa moja kwa moja, pampu ya gia inasubiri injini izunguke kwanza. Mmoja hakuniamini. Tumesukuma mpaka kwenye kona na kulirudisha, jasho la bure.

Betri ya zamani nimeipeleka ikachajiwe usiku kucha.

Matumizi: betri 145,000, kuchaji 3,000.

Jumamosi, 8 Februari: mita yenye mlio

Leo niliamua kufanya kazi kwa utaratibu, na utaratibu wenyewe ulikuwa wa fundi simu.

Kutoka kichwa cha hasi cha betri, kwenye gari hili zinatoka nyaya mbili. Mwembamba unaishia kwenye bodi, mnene unashuka na kufungwa kwenye nyumba ya gia. Huo mnene ndio ethi ya injini, njia ya umeme kurudi kwenye betri. Nikaweka mita kwenye kipimo cha mlio, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye bolti ya nyumba ya gia. Piiii. Safi, bila kukatika. Nikauandikia waya huo "mzima" kwenye daftari na sikuurudia tena. Daftari ninalo, neno "mzima" nimelipigia mstari mara mbili.

Kisha nikashuka kwenye selfu. Waya mwembamba wa solenoidi, ule unaoitwa 50, ulisoma 11.9 shemeji alipozungusha ufunguo. Nati nene ya waya wa betri ilisoma 12.3. Ncha nyeusi ya mita muda wote niliishikiza kwenye hasi ya betri. Kumbukeni hilo. Kwa macho yangu, chanya ipo, amri ya ufunguo ipo, ethi inalia. Kilichobaki ni selfu yenyewe. Selfu imekufa.

Kuitoa ni bolti 2 za spana 14, nati moja ya 12 ya waya mnene, na soketi ya waya mwembamba. Kazi ya dakika 40 kama mikono yako ni mikubwa kama yangu. Ila mimi nilianza na ile nati ya 12 bila kufungua hasi ya betri kwanza.

Waya ule mnene hauna fyuzi. Unatoka betri moja kwa moja hadi selfu. Spana ilipogusa nati upande mmoja na chuma cha gari upande wa pili, kulitoka mwanga wa buluu na mlio kama wa kuchomelea geti. Nimeitupa spana kabla sijajua kuwa nimeitupa. Ina kijishimo ubavuni, chuma kimeyeyuka kama mshumaa, na kidole changu cha shahada kina lengelenge. Pete ya ndoa nilikuwa nimeivua asubuhi kwa sababu ya grisi. Ningekuwa nayo, nisingekuwa naandika kwa utani. Binamu, fungua hasi kwanza, kila mara, hata kama unashika nati moja tu.

Matumizi: spana mpya ya 12, 4,000.

Jumapili, 9 Februari: selfu ya mtumba

Nimepata selfu ya mtumba kwa 90,000. Muuzaji aliijaribu mbele yangu sakafuni kwa betri na nyaya mbili, ikaruka na kuzunguka vizuri. Hapa kuna mtego. Selfu ikizunguka hewani haina mzigo, inahitaji umeme kidogo tu. Inaweza kucheza ngoma sakafuni na kushindwa kabisa ikikutana na injini.

Nimeifunga. Nimepiga selfu. Tak.

Nilikaa kwenye kiti cha dereva mlango ukiwa wazi na taa zikiwa zimewaka, nikizitazama zinavyomulika ule ukuta. Jumla mpaka leo ni 242,500 na gari linasema neno lilelile moja. Nimempigia muuzaji. Mali ya umeme ikishatoka dukani hairudi.

Jumatano, 12 Februari: mzee wa gereji

Mama ndiye aliyesema niache ubishi, niende kwa mzee mmoja fundi umeme wa magari ambaye zamani alikuwa anatengeneza malori ya mkonge. Nimemkuta amekaa kwenye kreti, anasuka waya za alteneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Gari limefanyaje?"

Nimemweleza yote, na daftari nikamwonyesha. Alisoma taratibu, akaweka kidole kwenye lile neno lililopigiwa mistari miwili.

"Huu waya umeupima gari likiwa limelala, au likiwa linafanya kazi?"

"Limelala, mzee. Lakini umelia."

"Hata mimi nikilala nakoroma. Haina maana naweza kubeba gunia."

Akapanda nyuma ya pikipiki, tukaja. Hakuomba spana wala hakugusa selfu. Aliomba mita yangu. Ncha nyekundu akaisimika kwenye chuma kitupu cha injini, nyeusi akaibana katikati ya nguzo ya hasi ya betri, kwenye risasi yenyewe na siyo kwenye kibano. Mita kwenye volti 20. Akaniambia nipige selfu kwa sekunde mbili.

Tak. Mita ilisoma 9.8.

Kati ya injini na hasi ya betri panatakiwa kuwe kama hakuna kitu. Ukipata hadi volti 0.2 wakati selfu inafanya kazi, shukuru. Mimi nilikuwa na karibu volti 10 zinazoishia kwenye waya mmoja wa urefu wa mkono, na selfu inabakiwa na mbili na ushee. Kisha akaniambia niushike ule waya, pale unapoingia kwenye kichwa chake cha chini. Nimeushika na kuuachia. Ulikuwa wa moto kama kikombe cha chai. Waya wa eksileta (pedali ya mafuta) nao ulikuwa vuguvugu. Injini imekalia raba, haigusani na bodi. Umeme ukikosa njia yake halali unatafuta ya panya, na waya wa eksileta ni chuma.

Hapo ndipo nilipoelewa mlio wa mita yangu ulikuwa unasema nini. Kwenye kipimo cha mlio, mita hupeleka umeme mdogo sana, kama sehemu ya elfu ya ampea, na nyingi hulia kwa njia yoyote ambayo ukinzani wake uko chini ya omu 30 au 50. Kwa saketi ya simu hilo linatosha. Sasa tuseme waya umeoza ndani mpaka una omu 0.1. Mita italia kwa furaha. Ukipitisha ampea moja, unapoteza volti 0.1, nani atajua? Ukipitisha ampea 100, unapoteza volti 10. Unyuzi mmoja uliobaki mzima unatosha kuipigisha mita kelele na hautoshi kuzungusha injini.

Taa nazo ni hadithi hiyohiyo. Balbu mbili za taa kubwa, wati 55 kila moja, zinakula kama ampea 9 kwa pamoja. Tena kwenye gari hili hazipiti hata kwenye waya ule mbovu. Hasi yake zinaipata kwenye bodi, kwa ule waya mwembamba. Zingewaka hivyohivyo kama ethi ya injini ingekatwa kwa panga.

Na kosa langu la ncha nyeusi: pale Jumamosi niliposoma 11.9 na 12.3 kwenye selfu, nilikuwa napima kutoka hasi ya betri, ambako selfu haifiki bila kupita waya uliooza. Ningeweka ncha nyeusi kwenye mwili wa selfu yenyewe ningeona volti mbili, na ningeokoa 90,000.

Mzee ametumia waya wa kubusti kuthibitisha. Kibano kimoja kwenye hasi ya betri, kingine kwenye chuma cha injini mbali na betri, kwa sababu kibano cha mwisho hutoa cheche na betri hutoa gesi inayolipuka. Nikapiga selfu. Injini imezunguka. Kwa mara ya kwanza tangu Oktoba, wu-wu-wu-wu. Haikuwaka, lakini nilimkumbatia mzee na mashati yetu yote mawili yana grisi.

Binamu, hivi ndivyo utakavyopima kabla ya kununua hata skrubu. Chomoa fyuzi ya EFI (mfumo unaopulizia injini petroli) ili injini isiwake, mwenzio apige selfu sekunde tatu, wewe soma. Nguzo kwa nguzo ya betri: isishuke chini ya 9.6. Nguzo ya hasi hadi chuma cha injini: isizidi 0.2. Nguzo ya chanya hadi nati nene ya selfu: isizidi 0.5. Namba inayokataa ndiyo yenye ugonjwa. Usiweke mita kwenye ampea hata kwa kujaribu. Mita hizi zinaishia 10, utaunguza fyuzi yake au mita yenyewe.

Matumizi: mzee alitaka 10,000. Nilitaka kumpa zaidi, akasema za kwako bakisha ununulie waya.

Jumamosi, 15 Februari: waya

Nimeutoa ule wa zamani na kuupasua kwa wembe mezani kwangu, kwenye taa ya kukuzia niliyozoea kutazamia saketi za simu. Kwa nje ni mweusi, laini, hauna hata mchubuko. Ndani, sentimita 6 za mwisho kuelekea kwenye nyumba ya gia, hakuna shaba. Kuna unga wa kijani, mkavu, unaomwagika kama poda ya hina. Katikati ya unga nyuzi tano au sita bado zina rangi yake, nyekundu, nyembamba kama nywele. Hizo ndizo zilizokuwa zinaiambia mita yangu "piii". Chumvi imeingilia kwenye mdomo wa kichwa cha waya na kupanda polepole ndani ya plastiki.

Mpya nimeutengeneza kwa waya wa mashine ya kuchomelea, milimita 25 za mraba, sentimita 60, na vichwa viwili vya shaba.

Jaribio la kwanza: kuunganisha kwa risasi, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Kishikio changu cha kuyeyushia risasi, cha wati 60, kimehema kwa robo saa. Waya mnene unanyonya joto lote na kulipeleka mbali, risasi inaganda juu kama ute wa yai bila kuingia ndani. Ukivuta, kichwa kinatoka. Jaribio la pili: kukandamiza kichwa kwa nyundo na patasi. Kimekaa, lakini nilipopima kilipoteza 0.6. Jaribio la tatu: nimekwenda kwa wanaofunga nyaya za jenereta, wana mashine ya kubana ya mafuta. Dakika mbili, 2,000. Baada ya kubanwa, nimepaka grisi kwenye midomo yote miwili na kuvisha mpira wa kusinyaa, ule tunaotumia kwenye chaja, wa saizi kubwa.

Sehemu ya kufungia kwenye nyumba ya gia nimeipiga msasa mpaka chuma cheupe kikaonekana. Hapo msiharakishe. Waya mpya juu ya kutu ni waya wa zamani.

Namba za leo, selfu ikizunguka: betri 10.6, upande wa hasi 0.12, upande wa chanya 0.25. Petroli ya zamani nimeiongezea mpya ya 15,000. Imekohoa mara mbili, mara ya tatu imewaka, moshi mweupe kidogo, kisha ikatulia. Chaji kwenye betri 14.2, alteneta nzima.

Matumizi: waya 12,000, vichwa 3,000, kubana 2,000, petroli 15,000.

Ijumaa, 21 Februari: soko la Mgandini

Nilidhani shajara imekwisha.

Nimempeleka mama sokoni Mgandini. Amerudi na nazi, mhogo na furushi la samaki changu lililofungwa gazeti, amekaa, amefunga mkanda, ananitazama. Tak.

"Si ulisema limepona?"

Nimejaribu tena. Tak, tak, tak. Mara ya nane limezunguka kwa nguvu zote kama halijawahi kuumwa. Nimekwenda nyumbani bila kuizima injini njiani, mama akiwa hasemi kitu, harufu ya samaki ikisema badala yake.

Ugonjwa huu haufanani na ule. Ule ulikuwa kila mara, huu unakuja na kwenda. Safari hii sikununua chochote. Nimekaa na mita mpaka iliponigomea tena, baada ya majaribio 11. Wakati wa tak: upande wa hasi 0.02, maana yake hakuna umeme mkubwa unaopita kabisa. Nati nene ya selfu hadi mwili wa selfu, 12.5, umeme umefika mlangoni. Nati ya pili, ile inayotoka solenoidi kuingia kwenye mota: 0. Umeme umefika upande mmoja wa kisahani cha shaba, upande wa pili haujavuka.

Hii ni ile selfu ya mtumba.

Jumapili, 23 Februari: selfu mbili mezani

Nimefungua hasi ya betri. (Naam.) Nimeitoa ya mtumba, na kutoka kwenye gunia nimeitoa ya zamani, ile niliyoihukumu tarehe 8.

Kifuniko cha nyuma cha solenoidi ni skrubu tatu. Ndani kuna kile chuma chenye kisahani cha shaba, na pointi mbili za shaba zenye umbo la herufi L. Za mtumba: pointi ya upande wa betri imeliwa mpaka imebaki nyembamba kama kucha, ya upande wa mota bado nene. Kisahani kikishuka kinagusa moja na kuikosa nyingine kwa unene wa karatasi. Kikigeuka kidogo kikapata mahali pazuri, gari linazunguka. Hiyo ndiyo "mara ya nane". Kila selfu inapopigwa kunatoka cheche pale, na kila cheche inaondoka na chembe ya shaba.

Za zamani, za baba mdogo: zimeliwa kidogo, zote mbili sawasawa, zina miaka mingi bado. Selfu niliyoitupa kwenye gunia ilikuwa nzima, na niliyonunua kwa 90,000 ndiyo ilikuwa mgonjwa.

Nimesafisha ya zamani, nimeirudisha garini. Ya mtumba nimeinunulia pointi mpya mbili kwa 8,000. Kuzifunga kuna ujanja mmoja: pointi zikae usawa mmoja kabisa kabla ya kukaza nati, kwa sababu kukaza huzizungusha. Mara ya kwanza moja ilikaa upande, kisahani kikagusa kwa kona, cheche nikaiona kwa macho. Mara ya pili nimelaza kipande cha kioo cha simu juu ya pointi zote mbili na kukaza polepole mpaka kioo kikaacha kutikisika. Kioo kibovu cha simu hatimaye kimepata kazi. Selfu hiyo sasa ni akiba, au ni ya binamu kama pointi zake zitakuwa zimekwisha.

Jumapili, 2 Machi: Muheza na kurudi

Wiki nzima, kila asubuhi na jioni, limewaka mara ya kwanza. Leo nimekwenda Muheza na kurudi. Hasi bado 0.12.

Gari la binamu nimelipima hapohapo uani kwake, kwa zile namba tatu. Hasi yake ni nzima, 0.1. Chanya inapoteza 2.9 kati ya nguzo na nati ya selfu. Kibano cha chanya kimepasuka chini, kimeshikiliwa na kipande cha kopo la soda alichokisokomeza yeye mwenyewe mwaka jana. Kibano kipya kaahidi kununua kesho. Tumetumia dakika 10, pamoja na chai.

Betri ya zamani, baada ya kuchajiwa, imekaa wiki mbili kwenye 12.5, na nilipoifunga garini kwa majaribio imezungusha injini bila kushuka chini ya 9.9. Sasa inawasha taa na feni kibandani umeme ukikatika. Kwa hiyo betri nayo haikuwa na kosa, ilikuwa na njaa tu.

Jumla niliyotoa ni 292,500. Iliyohitajika kweli, ukihesabu magadi soda, kuchaji, mzee, waya na vichwa vyake, kubana na petroli, ni 45,500.

Jioni baba mdogo amepiga simu. Nimeiweka juu ya boneti, nikapiga selfu, injini ikashika papo hapo. Amesikiliza kidogo, kisha akacheka.

"Si nilikuambia gari zima? Taa zilikuwa zinawaka."